Maji Nambari 214

Nazungusha kipanya, protini inageuka
taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake nyuma ya mgongo.
Ni ya Profesa Kaasik hii. Aliisoma mwaka wa themanini na saba,
hapa hapa Tartu, kabla programu yangu haijazaliwa:
alichora ramani ya elektroni kwa wino
juu ya karatasi za plastiki, angavu, moja juu ya nyingine,
hadi rundo likapata kina,
na humo kinani akauona mnyororo,
akaujenga kwa waya za shaba na koleo,
miezi kumi na minne, vidole vikichanika.

Mimi nina kipanya, na kahawa inayopoa.
Kaboni nimeipaka kijivu, nitrojeni buluu.
Nikibonyeza, ngozi inatanda yenye mabonde na vichuguu;
nikibonyeza tena, ngozi inayeyuka, unabaki utepe
unaojiviringa kama ganda la chungwa
lililomenywa bila kukatika.

Ndani kabisa, pangoni, kimeng'enya kinapofanyia kazi,
kuna kitone chekundu.
Maji nambari 214.
Wanafunzi wangapi wamepita mbele yake wakamsabahi?

Maji yana adabu zake. Hayakai mapajani mwa mtu.
Husimama hatua moja nyuma,
angstromu mbili nukta nane, yakangoja kuulizwa.
Nikavuta mstari hadi kwa histidini ya kwanza:
mbili nukta moja.
Nikasema mkono umeteleza.
Ya pili: mbili nukta moja.
Ya tatu: mbili kamili.

Programu haina maoni.
Ukiiambia maji, inakuchorea maji,
na kesho yake, na miaka thelathini na saba.
Lakini nilipoita vipimo vya kale na kuomba ramani ya tofauti,
ukavimba uvimbe wa kijani juu ya kile kitone,
maana yake: hapa pana kizito kuliko mlivyosema.

Zinki.

Dirishani Emajõgi umeganda;
mwanamke anauvuka kwa miguu, na mbwa, na toroli la kuni,
na bado tunauita mto.

Nilitaka kubadilisha kimyakimya. Nani angejua?
Nikahifadhi faili kwa jina jingine,
nikalala vibaya siku tatu.

Alhamisi akaja, na mkate wake mweusi mfukoni.
Nikamtegea kama watoto wanavyotegeana:
Nasimama kama maji, nakaa kama maji, maji si mimi.
Nilijua atashindwa. Nilikuwa na mji wangu tayari kichwani,
mji wa kudai, wenye jina langu, Triinu Leppik,
chini ya kichwa cha makala.

Akavua miwani. Akashika kipanya kwa mkono wa kushoto,
akazungusha, akasimamisha, akarudi nyuma kidogo,
pua karibu iguse kioo.
Friji ya sampuli ikanguruma, ikanyamaza.

"Mwaka ule," akasema, "vyombo vya kioo havikupatikana.
Maji ya kukuzia fuwele nilikuwa nayachota kwenye ndoo.
Ndoo ya mabati."

Akanitazama. Mabati, Triinu. Na mabati hupakwa nini?

Mimi kimya.

"Sasa niambie wewe, na mashine yako:
hiyo zinki ni ya kimeng'enya,
au ni ya ndoo?"

Nikageuza protini huku, nikaigeuza kule.
Nikaikata katikati. Nikaiwasha taa kwa chini.
Histidini tatu zimeikumbatia vizuri mno, nikasema.
Akasema, hata mgeni hukumbatiwa.

Alikuwa anacheka, mzee yule, makombo ya mkate kidevuni,
akicheka kama aliyekutwa na kosa
akakuta kosa lenyewe lina chumba cha ndani.

Kesho naanza upya: chupa safi, chumvi safi, fuwele mpya.
Nilikuja kudai mji.
Nimepewa ndoo.