Lango la Pili

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeukalia Menengai
kama mgeni asiyejua kuaga.
Pipa la mchanga. Meza yenye mguu mmoja mfupi.
Daftari, mimi, na Sajini Nasambu wa Webuye,
miaka kumi na tisa mtunza ghala la silaha,
asiyeamini mlango uliofungwa na mtu mwingine.

Sheria ya maonyesho ni moja: chenye risasi hakipiti.
Si cha mlinzi wa benki,
si cha tajiri wa ngano kutoka Njoro,
bastola ndani ya koti, leseni ndani ya plastiki,
si hata zile za hema letu, zitakazolazwa mezani
zimefungwa mnyororo, watoto wa shule wazizunguke
huku wakiguguna mahindi ya kuchoma.

Kwenye pipa amebandika ubeti wake, kwa kalamu nene:

*Ijapo tupu ishike, kama iliyopakiwa,*
*Mdomo mbali uweke, na roho ulizopewa,*
*Kidole kando kicheke, hadi shabaha kujuwa,*
*Neno "tupu" usidake, macho yako ndiyo dawa.*

"Mizani imetimia," alijisifu,
"nimehesabu kwa kidole hikihiki kinachocheka."

Saa tatu hivi akaja Bwana Sitonik,
polisi wa akiba, Kuresoi,
bunduki begani, na kwa kamba
kondoo dume aliyeoshwa kwa sabuni ya unga
mpaka akang'aa kuliko sisi sote.
"Tupu," akasema, kabla hajaulizwa.
"Nionyeshe."
"Mama, tangu Jumapili ni tupu."
"Basi nionyeshe hiyo Jumapili."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka.
Mtu mzima, kusachiwa mbele ya kondoo wake!
Akaelekeza mdomo mchangani, akachomoa magazini:
kweli, hamna kitu. Akamtazama Sajini
kwa jicho la mtu aliyelipwa deni.
"Na komeo," akasema Sajini, taratibu,
kama anayemwomba mtu chumvi.

Akalivuta.
Ikaruka moja tu, ya shaba, nadhifu,
ikatua kwenye tope la Julai.
Kondoo akainama, akainusa,
akaona si chakula.

Hakuna aliyesema neno.
Kutoka uwanja wa ng'ombe kipaza sauti kilikuwa kinamsifu
fahali fulani wa Rongai, kilo zake, baba yake.
Bwana Sitonik alianza kuhesabu kwa vidole,
midomo ikitikisika bila sauti:
Jumapili, ilikuwa imeegemea kabati la vyombo.
Jumatatu, nani aliifuta vumbi?
Jumanne, Chelang'at, wa miaka sita,
aliyeniletea mlangoni, ameikumbatia kama mwanasesere,
nikamwambia asante.
Akafika Alhamisi, akarudi tena Jumanne.
Akaketi juu ya ukingo wa pipa
na kamba ya kondoo ikamtoka mkononi.

Sajini hakumkaripia. Alimshika kondoo.
Aliiokota ile risasi, akaifuta kwa kanga ya chai,
akaikagua chemba kwa jicho, kisha kwa ncha ya kidole,
kisha kwa jicho tena,
akaninyoshea mimi nami nikague.
Nilikagua. Giza safi, lenye harufu ya mafuta.

"Andika," akaniambia.

Hapo ndipo nilipoliangalia daftari.
Jina: Sitonik. Namba ya silaha. Saa tatu na dakika sita.
Na kwenye safu ya mwisho, kwa mwandiko wangu mzuri
ulionipatia kazi hii,
wino ulikuwa umeshakauka:
*Tupu.*

Nililiandika aliposema.
Nilikuwa nimelidaka kama mpira.

Kondoo alipata nafasi ya tatu, utepe wa manjano.
Jioni tulipokunja meza, Sajini alilifungua daftari,
akapita mstari kwa mstari, akasimama pale
nilipokata neno kwa kalamu mara nne, tano,
na bado linasomeka.
Hakuuliza.
Alitoa bastola yake mwenyewe, akaelekea mchangani,
akaniita kwa kidevu nisogee karibu:
"Usiniamini," akasema. "Tazama."