Utosi

Siku ya saba, wembe mkononi mwa mjomba wako,
nilimwambia: polepole hapo juu.
Utosi ulikuwa unapumua
kama kitambaa juu ya chungu cha uji.
Sikujua kwamba humo ndani
mafundi wanakesha.

Sasa una miaka miwili na nusu, Rukaiya.
Nakufunga kwa kanga kwenye keria,
tunaikata Ngamiani kuanzia Barabara ya Nane,
unahesabu: nane, tisa, kumi,
kisha unaruka hadi ishirini
maana ishirini ndiko kwa bibi.

Bibi hayuko ishirini tena.
Tulimzika mwezi wa Rajabu
nawe umelala mgongoni mwa jirani,
kiatu kimoja.

Pale Bombo nilimuuliza nesi Semboja
akikuning'iniza kwenye mzani:
atamkumbuka?
Akaandika kilo kumi na mbili na robo,
akafuta, akaandika upya.
"Wa umri huu wanajua mengi," akasema.
"Kuyaweka ndiko bado."
Kichwani njia ni nyingi mno, akasema,
zinazopitwa hupanuka,
zisizopitwa huota nyasi.

Mimi fundi baiskeli. Naijua ringi iliyopinda:
unakaza spoku hii, unalegeza ile,
nyingine unaichomoa, unaitupa koponi,
gurudumu linakimbia.
Lakini zako anazichomoa nani?

Mimi nakumbuka treni.
Moshi, bwana mwenye kofia nyekundu,
ananipa kipande cha boflo.
Nimeisimulia miaka thelathini.
Mama, wiki moja kabla hajaondoka, alicheka:
"Yule alikuwa kaka yako Mbaruku.
Wewe ulikuwa tumboni, unanipiga mateke."
Basi boflo lile nililila kwa mdomo wa nani?
Mbona ladha yake ninayo?

Ndiyo maana nakusimulia.
Kila asubuhi, kwenye ule mlango wa kijani,
napunguza mwendo:
hapa bibi Mwanasiti alikupulizia uji,
mara tatu, si mbili,
akaonja kwa ncha ya ulimi.
Unatikisa kichwa
kama mtu anayetia sahihi karatasi asiyoisoma.

Labda ilikuwa mara nne.
Labda nyasi ninazozikanyaga ni zangu.

Jana, kibandani, umekaa chini
na mdoli wako wa gunzi,
kifuniko cha soda ndiyo bakuli.
Ukapuliza. Ukapuliza. Ukapuliza.
Nikasema moyoni: hayo ni yangu, nimekufunza.
Kisha ukamfuta gunzi mdomo
kwa pindo la gauni,
ukakaza sauti:
"Haya, mke mwenza, cha mwisho hiki."

Mke mwenza.
Ndivyo alivyokuita, kila bakuli, kila siku.
Sikukusimulia hilo.
Hilo nilikuwa nimelisahau mimi.

Mteja akauliza baiskeli yake iko tayari?
Sikumjibu.
Nililimwaga kopo chini
nikaanza kuokota.