Proboksi ya Mwalimu Chilewa

Nilitaka gari la kubeba zabibu, si la kubeba jina.
Nikaikuta Kizota, nyuma ya banda la kuku:
Proboksi nyeupe, mraba kama sanduku la bweni,
vumbi jekundu mpaka masikioni.

Mwalimu Chilewa hakuisifu.
"Inakula oili. Mlango wa nyuma
hausimami bila hili gongo, nakuachia.
Shokapu nimezizika mwenyewe, njia ya Mvumi."
Nikaogopa. Muuzaji anayesema kweli
anaficha nini?

Fundi Masinjisa akajilaza chini yake,
akatoka na grisi kwenye paji la uso:
"Bodi kavu. Hii haijakaa pwani."

Milioni saba na nusu. Nikasema sita.
Akatazama boneti, si mimi.

Nikawasha. Kwenye redio dada wa Kijapani
akasema kitu kirefu, chenye adabu.
"Anasemaje?"
"Sijui. Miaka mitano, kila asubuhi,
mama Nyemo alikuwa anamwitikia: Mbukwa."
Alikuwa. Akasafisha koo,
akaenda kufukuza kuku ambao hawakuwa wamekosa.

Sikuirudia ile sita.

Sasa ni saa kumi na moja alfajiri, Mpunguzi.
Kreti kumi na nne, viti vya nyuma vimelazwa,
gongo liko mahali pake.
Nageuza ufunguo. Dada anasalimu.
Wiki nzima nimejikaza kunyamaza,
mtu mzima, peke yangu, gizani,
lakini salamu ni deni.

Mbukwa, dada.
Twende.