Mpangaji wa Viti

Mimi ndiye ninayepanga viti.
Hakuna aliyenichagua. Nilifika mapema siku moja
nikitoka zamu ya usiku kwenye ghala la karoti,
nikakuta mlango wazi, ukumbi mtupu,
na mikono haijui kukaa bure.

Ukumbi si wetu. Ni wa Waingereza wazee
wanaoabudu asubuhi, watu kumi na mmoja na mbwa,
kisha wanatuachia kuanzia saa nane mchana
pamoja na harufu ya supu yao
na karatasi ukutani: tafadhali msisogeze piano.
Middlesbrough, nyuma ya stesheni.
Viti arobaini na sita, rangi ya chai ya maziwa.
Kimoja kina mguu mfupi. Hicho ni changu.

Hiki cha Mama Nsimire, dirishani, aone gari lake.
Hiki cha Bi Kerubo, mbele, begi la hazina mapajani.
Hivi viwili vya Ndugu Mwakyusa: kimoja chake, kimoja cha koti.
Kule nyuma watoto wa Nduwimana,
ambao Kiswahili wanakisikia
lakini wanakijibu kwa lugha ya shule.

Kisha ukaja mwaka wa kinanda.
Pauni mia mbili na themanini. Risiti haionekani.
Mama Nsimire akauliza mbele ya watu,
na swali la mbele ya watu halijui njia ya kurudi nyumbani.
Bi Kerubo hakujibu. Alifunga zipu ya begi.
Katika ibada ile nzima
ni zipu tu ninayoikumbuka.

Risiti ilipatikana ndani ya kitabu cha nyimbo.
Haikusaidia kitu. Waliokwisha kuhama walikwisha kuhama:
wa Bukavu na Uvira dirishani,
wa Kisii na Mbeya ukutani,
nami katikati nikaacha njia,
kila wiki nikiipanua kidogo,
Mungu anisamehe, bila kuagizwa na mtu.

Mchungaji alihubiri upendo Jumapili tatu mfululizo.
Kila upande uliitikia amina
ukitazama upande wa pili.

Ndipo boila likafa, katikati ya Januari.
Colin, mtunza jengo, alilipiga teke,
akasema neno ambalo mchungaji hakulitafsiri.
Pumzi zetu zikaanza kuonekana,
zikitoka vinywani huku na huku,
zikichanganyika juu ya ile njia yangu.

"Jikoni kuna gesi," akasema Mwakyusa,
ameshavaa koti, kiti chake cha pili kitupu.

Jiko la watu wanane. Tuliingia thelathini na wanne.
Mtoto akakalishwa kando ya sinki.
Makoti mabichi, mafuta ya nywele, kiwiko cha nani hiki?
Viti vyote vikabaki ukumbini, vikitazamana.

Mchungaji hakuwa na pa kupita,
kikombe kikapita chenyewe, mkono kwa mkono,
hadi kwa Mama Nsimire.
Aliyefuata, bega kwa bega, alikuwa Bi Kerubo.
Yapo maneno ya kusema hapo, sote tunayajua.
Mama Nsimire akafungua kinywa, yakamkimbia.
"Shika vizuri," akasema, "kimejaa."
Mikono minne, kikombe kimoja,
muda mrefu kuliko uzito wake.
"Vidole vyako barafu."
"Na vyako."

Basi. Hayo ndiyo yaliyosemwa.
Hakuna aliyelia. Nduwimana alipiga chafya.

Mtaniuliza kama walipatana. Sijui.
Jumatano nilisikia mmoja kampeleka mwenzake hospitali
kwa gari lile la dirishani.
Nilisikia pia kwamba njia nzima
walibishana kuhusu kinanda.

Jumapili iliyofuata boila lilikuwa zima.
Nilifika mapema, mikono ikinuka karoti,
nikapanga dirishani, nikapanga ukutani,
nikasimama katikati.
Nikavuta kiti. Nikavuta kingine.
Nikaacha upana wa mtu mmoja
anayepita akisema "samahani, samahani."

Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alilalamika:
kitapitaje hapa?
Tutakibeba, nikamwambia.
Tuko wengi.