Ganda la Embe

Mara moja tu, na ni zamani,
Bi Mwanate wa Langoni alimpa punda wangu ganda la embe
pale kizingitini mwake.
Mara moja. Mwaka wa tatu huu
Sururu hapiti mlango ule bila kusimama,
mifuko miwili ya saruji mgongoni,
masikio mbele.
Nimemvuta, nimemsukuma, nimemtukania ukoo.
Bi Mwanate mwenyewe kahamia Mombasa.
Mlango una kufuli.
Anangoja.

Nilimcheka punda muda mrefu kabla sijajiona.

Mwanangu Bwanaadi ana miaka saba.
Nilimwambia: shilingi kumi ya mabuyu
ni baada ya kumpa Sururu maji, si kabla.
Neno dogo, hata mtoto hulibeba.
Mimi ndiye lililonishinda.
Jumatatu nilisimama nalo.
Jumanne fundi alinilipa vizuri,
nikatoa ishirini bila kuombwa, ndoo kavu.
Jumatano mfuko ulipasuka kwenye ngazi za gati,
saruji ikaenda na maji,
nikarudi na hasira isiyo yake
nikamfokea kwa kuuliza
kilekile nilichompa jana.
Alhamisi mama yake alisema la,
nami kwa nyuma: ah, mpe, kachoka mtoto.
Ijumaa ni Ijumaa.

Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa.
Mimi nilimkunja asubuhi, adhuhuri nikamnyoosha,
jioni nikamlaumu samaki kwa kupinda vibaya.

Halafu siku moja, niko dakani navua viatu,
nikamsikia ndani akimfunza Somoe, mdogo wake:
"Sasa usimuombe. Kwanda mtizame mato.
Akikohoa mara mbili, rudi.
Akiimba, omba hata baiskeli."
Kwa sauti ya mwalimu. Bila kinyongo.

Nilikaa pale barazani, kiatu kimoja mkononi.
Sheria yangu hakuijua.
Alichokijua ni uso wangu,
ameushika kuliko alifu na bee.
Miaka saba, na kazi yake
ni kutabiri hali ya hewa ndani ya nyumba.

Usiku Mwanamkuu hakunionea huruma.
"Mimi ndiye mbaya humu," alisema, akikunja kanga,
"kwa sababu wewe ni mwema siku moja moja."

Kesho yake alilia tangu alasiri hadi adhana ya magharibi.
Sipendi kulisimulia.
Aliuliza. Nikasema: maji kwanza.
Akauliza. Maji kwanza.
Famau wa nyumba ya pili akachungulia: "Si kumi tu, bwana?"
Ni kumi tu. Nilikuwa nayo mfukoni,
nimeishika hadi ikapata moto.
Mara ya tisa, au ya kumi, sauti yake ilibadilika,
haikuwa tena ya kuomba;
ilikuwa ya mtu anayegonga ukuta kwa kifundo cha kidole
asikie kama ndani mna jiwe au mna uwazi.
Maji kwanza, baba.

Hakuishika ndoo siku ile. Wala ya pili.
Wiki iliyofuata niliteleza, nilikuwa na homa, sikatai;
tukaanza upya, na kilio kikaanza upya,
kirefu zaidi.

Leo amekuja na ndoo, nusu imemmwagikia miguuni,
akaitua mbele ya punda, akanyoosha kiganja.
Alikuwa anamtazama punda anavyokunywa.
Uso wangu hakuuangalia.
Nikampa kumi yake, naye akaondoka mbio.
(Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu asubuhi.
Hakujua. Hakuwa na haja ya kujua.)

Sururu bado husimama kwa Bi Mwanate.
Simpigi tena.
Naegemea ukuta wa jirani, jua utosini,
namngoja amalize kungoja.