Ukurasa wa Nne

Kazi yangu ni kunong'ona.
Miaka thelathini na mmoja chini ya jukwaa la Terni,
kichwa usawa wa visigino vya watu,
taa ndogo, kahawa iliyopoa, maandishi magotini.
Mchezaji akikwama nampa neno la kwanza tu;
la pili hujivuta lenyewe,
kama uzi ukishaliona tundu la sindano.

Mwaka huu Loredana ametuletea Lara,
jina geni hata kwetu tuliozaliwa
kilomita mia tu kutoka Roma:
binti wa kijito, ulimi usiojua kulala,
aliyemwona Jupita akimvizia Juturna vichakani
akaenda akamwambia Juturna, kimbia,
akaenda akamwambia na Juno, mumeo huyo.
Mdomo huponza kichwa. Wake uliponza ulimi:
mungu aliung'oa kwa mkono.

Tutaung'oaje sisi,
mbele ya watu waliolipa yuro kumi na mbili?

Wiki ya kwanza tulitumia utepe mwekundu, mita tatu.
Iolanda akautema, ukanasa kwenye jino,
tukacheka hadi fundi wa taa akashuka ngazi kuuliza.
Wiki ya pili, ini la ng'ombe kutoka bucha ya Settimio;
paka wa ukumbi akajipatia riziki.
Wiki ya tatu Loredana akaamuru
bati la radi lirudi stoo,
na ndevu za pamba, na ndege tai wa plasta.
Akamvisha Gualtiero, Jupita wetu, fundi bomba mstaafu,
shati lililopigwa pasi na funguo za ofisi.
"Usingurume," akamwambia. "Msogezee kiti."

Basi Gualtiero akamsogezea Lara kiti.
Akamsogezea karatasi.
Akafungua kalamu, akamgeuzia upande wa kushika.
Saini hapa. Na hapa. Na hapa chini.

Fundi wa taa hakushuka.
Mimi nilimwaga kahawa juu ya maandishi.

Sehemu ya pili haina maneno.
Merkuri anaingia na koti la wapeleka piza,
kofia ya pikipiki kwapani,
amsindikize kuzimu; na huko njiani
Loredana anazima taa, anaacha sauti ya zipu.
Taa zikiwaka, Lara yuko peke yake na mapacha,
wale watakaolinda njia panda na vizingiti vya watu,
na mama yao hana la kuwaimbia.
Dakika kumi na tisa.
Kwangu, kurasa sita nyeupe.
Nazigeuza hata hivyo, mshahara ni mshahara.
Wasemao kimya kingi kina mshindo
hawajakaa shimoni humu,
ambamo kimya ni vumbi puani
na goti linalouma.

Usiku wa kwanza wa maonyesho, ukurasa wa nne,
Iolanda alisahau.
Nilimjua kwa macho: yalishuka, yakapapasa mbao,
yakanipata tunduni, yakaniomba.
Nimpe neno gani la kwanza
mtu asiye na maneno?
Midomo yangu ikajifungua kwa mazoea.
Nilitamka bila sauti kitu kilichokaa kinywani mwangu
tangu nilipokuwa karani wa hesabu kiwandani kwa chuma,
ghorofa ya pili, kiti kilichosogezwa,
kalamu nzuri ya bluu.
Jina tu. La mtu. Silabi nne.

Sijui alisoma nini.
Alimnyanyua mtoto mmoja,
akamgeuza uso uelekee watazamaji,
akaendelea.

Gazeti la mjini limeandika sehemu ya pili ni ndefu mno.
Loredana anataka kupunguza dakika tano.
Nimemwambia, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe,
kata popote, ukurasa wa nne usiuguse.
Akauliza, kwani una nini?
Nikamfungulia.
Mweupe, na doa la kahawa pembeni.