Hesabu ya Mali ya Marehemu

Walikuja wawili Jumatatu, theluji bado imelala kizingitini,
Ozias Pell na kalamu, Shemasi Trask na miwani yake,
kuandika alichoacha baba.

Mihula kumi na mmoja alikuwa naibu gavana wa koloni.
Magavana walikufa, walirudi Uingereza, mmoja aliaibika;
yeye akabaki naibu, kama mkono wa kushoto.
"Humu ndani pia," mama alipenda kusema akimenya boga,
na baba alicheka kwa pua tu,
mdomo akiuwekea baraza.

Kitanda cha manyoya: pauni sita.
Hawakuandika kwamba sote tisa tulizaliwa juu yake
na watano wakatolewa hapo wamefunikwa.
Kabla yangu walikuwapo Mehetabeli wawili.
Jina lilinifikia limechakaa,
gauni la dada, limepunguzwa kiunoni.

Saa ya ukutani, haisemi kweli: shilingi thelathini.
Ng'ombe mwekundu, ana mimba.
Kisha wakafika jikoni.

Shemasi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Mjakazi wa Kipekoti, aitwaye Hana, umri haujulikani."
Ozias akasema pauni kumi na nane.
Shemasi, akikohoa: kumi na tano, mkono mmoja una kovu.
(Kovu lile ni la moto. Mtoto aliyekuwa karibu na moto ni mimi.)
Akaandikwa chini ya ng'ombe, juu ya sufuria ya shaba.

Hana alikuwa akikoroga uji wa mahindi. Hakugeuka.

Baba alimwahidi uhuru, majira ya mavuno, akiwa na homa:
"Nikifa, Hana, nenda utakako."
Mtu aliyeandikia koloni zima sheria,
hata ya nguruwe wanaozurura,
hili aliliacha hewani.
Mashahidi tulikuwa mimi na paka.

"Tumesahau chochote?" Ozias akaniuliza,
akinisogezea kalamu.

Nilimfikiria mama na mgongo wake.
Nilifikiria ndoo, kisima, barafu ya Februari.
Nilifikiria haraka, jinsi mtu anavyofikiri
akishajua jibu lake.

Nikatia sahihi, Mehetabeli,
kwa mwandiko mzuri alionifundisha baba.
Wino ulikataa kukauka. Nikaupuliza.

Koroga ya Hana ilikuwa imesimama, sijui tangu lini.
Uji uliungua.
Akatupakulia, wageni kwanza.
Tukaula wote, tukausifu.